Mbio ya kompyuta na minervale ya watoto

Kama mutoto wako anatengeneza kompyuta yake, atakuomba karte-mere, ule ubao mukubwa unaounganisha vyombo vyote vya ndani. Wangu anataka ule unaoruhusu kukimbiza prosesa kupita kipimo cha kiwanda. Feza ni ya mushahara wangu mumoja, na wadogo wake wangali shuleni.

Tulipatana hivi. Kwa prosesa za AMD Ryzen za tundu la AM4, ubao wa A520 haukubali kuikimbiza. B450 wa mwaka 2018 na B550 wa 2020 zinakubali. Basi B450 inatosha. Lakini ujue: mbio inaomba umeme zaidi, na umeme unaleta joto. Utazame kandokando ya prosesa: kama vile vyuma vya kupoza haviko, uuache ubao ule.

Anza na memoria, uifikishe kwa mbio iliyoandikwa juu yake; ile hata A520 inaruhusu. Feza inayobaki inunue regilatere, maana huku kwetu umeme unapanda na kushuka. Mbio ya mukubwa haipashwe kula minervale ya wadogo.