Maktaba za Java Tunazobeba kwenye Fleshi

Leo naandika juu ya seva. Msikimbie, siyo ngumu vile, na inatuhusu.

Hapa Bujumbura wakimbizi wengi hatukai kambini. Tuko Buyenzi, Bwiza, Kinama, Kamenge, tumechanganyika na wenyeji. Kwa hiyo jina lako linaandikwa kila mahali: pa kusoma, pa sabuni, pa dawa. Mahali pamoja wewe ni Byamungu, pengine ni Biamungu. Mama anaambiwa "hauko kwenye listi" na anarudi nyumbani mikono mitupu. Sisi wajitoleaji ndio tunabaki tukiangaliwa na watoto wake.

Dawa moja ni kufanya programu ziongee. Hiyo ndiyo huduma ya wavuti: programu moja inauliza, ingine inajibu, bila mtu kunakili majina kwa kalamu. Na siyo mambo ya Ulaya peke yake. OpenMRS, programu ya kutunza habari za wagonjwa, ilianza 2004, na mwaka 2006 ilikuwa tayari inatumika Eldoret kule Kenya, na Rwinkwavu kule Rwanda. Inatembea juu ya Tomcat, na mlango wake wa kuongea na programu zingine ni moduli unayoiongeza tu.

Tomcat inatufaa sababu ni nyepesi. Kuipakua haifiki mega 20, na kompyuta nzee inaiweza. Lakini mwepesi hubeba machache. Maktaba za huduma za wavuti za aina ya SOAP, zile wanaita JAX-WS, hazimo ndani yake. Zamani zilikuja na Java yenyewe, tangu Java 6. Ilipotoka Java 11, Septemba 2018, zikatolewa. Ndiyo maana programu iliyofanya kazi vizuri kwenye Java 8 inakataa kwenye mashine mpya, inakuandikia NoClassDefFoundError na jina linaloanza na javax/xml/ws. Usiogope hapo. Hakuna kilichoharibika, kuna kitu kimekosekana.

Sisi tulifanya hivi. Siku yenye intaneti nzuri tulipakua Tomcat 9 na Metro toleo la 2, tukaweka vyote kwenye fleshi, ili mega zikiisha kazi isilale. Angalia matoleo: kuanzia Tomcat 10 majina ya javax yamekuwa jakarta, kwa hiyo pale unahitaji Metro toleo la 3. Ukichanganya, hazielewani kabisa.

Faili za jar tuliziweka ndani ya WEB-INF/lib ya programu yetu, siyo kwenye lib ya Tomcat nzima. Hivyo programu inasafiri na mzigo wake. Ukiihamisha kwenye mashine ingine, haiombi kwa jirani. Kisha tukaandika sun-jaxws.xml ndani ya WEB-INF, tukawasha, tukasoma logs/catalina.out mstari kwa mstari. Mwishowe fungua anwani ya huduma na kuongeza ?wsdl. Ukiona XML imejaa, seva inajibu.

Sasa neno zito. Huduma inayojibu inaweza kumjibu yeyote. Kati yetu kuna watu waliokimbia mtu, siyo vita tu. Ukiacha mlango wa 8080 wazi kwenye mtandao wa watu wote, umeonyesha kartie anamokaa dada wa watu. Kwa hiyo wakati wa kujaribu, kwenye conf/server.xml tuliandika address="127.0.0.1" ndani ya Connector, ili mashine ile peke yake ndiyo isikie. Na majina ya kujaribia yalikuwa ya kubuni, hata moja halikuwa la kweli.

Wafanyakazi wa misaada, nawaomba kitu kimoja. Mnapotuita wajitoleaji kubeba viti na kutafsiri, sawa, tutabeba. Lakini mtuitie pia pale mnapoamua listi zitaongeaje na nani atazisoma. Majina ni yetu, na kuna vijana hapa wanaojua kuyalinda.

Mwenye swali aandike hapa chini. Mwenye fleshi aje nayo, tutamjazia. Tuko pamoja.