Hadithi ya Nne

Usiku mmoja wa mwezi wa Rajab, baada ya swala ya isha, binti yangu wa tatu aliniwekea mezani mrundo wa karatasi uliofungwa kwa uzi wa kushonea, akasema: "Baba, naomba uisome kabla haijaenda kwa mpiga chapa. Ukifika hadithi ya nne, usikasirike mpaka uimalize." Kisha akaenda zake jikoni kwa mamake.

Binti huyu alihitimu chuo kikuu mwaka juzi. Alisomea uhasibu, na hadi leo hajapata kazi ila ya vibarua. Sikujua kwamba miaka yote minne aliyokaa bwenini alikuwa akiandika hadithi kwenye simu yake, wenzake wakishalala. Nilipomwona likizoni ameinamia simu hiyo nilidhani ni soga za vijana, nikamkemea mara kadhaa.

Kusema kweli, jambo lenyewe si geni. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya zake mbili za mwanzo akiwa bado mwanafunzi wa Makerere, na Weep Not, Child ikatoka mwaka 1964. Euphrase Kezilahabi alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata Rosa Mistika ilikuwa mikononi mwa wasomaji; ikapigwa marufuku mashuleni, kisha ikaja ikasomeshwa humo humo. Nasi watu wa pwani tusijisahau. Bibi Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate hakuwa na shahada ya chuo chochote, na yapata mwaka 1858 alimtungia bintiye utenzi ambao hadi leo unasomwa majumbani mwetu. Huyo alikuwa mama akimwandikia binti. Kwangu mimi imekuwa ni binti kumwandikia baba, na wasia wake haukuwa mtamu.

Hadithi ya nne yahusu mwalimu wa chuo cha Kur'ani. Ana ndevu zilizotiwa hina, ana bakora ya mkwaju, na hukohoa mara mbili kabla hajaingia darasani. Yeyote aliyesoma kwangu atamtambua kabla ya kufika mwisho wa ukurasa wa kwanza. Siku moja mwalimu huyo anamkuta msichana wa miaka kumi ameficha daftari chini ya juzuu yake. Ndani ya daftari ameandika hadithi ya jini aliyehamia kwenye mbuyu kwa sababu amefukuzwa na mkewe. Mwalimu anasoma mistari miwili kwa sauti ya kejeli, wavulana wanacheka, kisha analichana daftari na kumpa mmoja wao akalitupe jaani. Kesho yake msichana haji. Wala keshokutwa. Haji tena.

Nilikasirika kabla sijaimaliza. Nilimwambia mke wangu kwamba mtoto huyu anataka kunivua nguo mbele ya mji mzima, nikaanza kumpangia dalili zangu: uharamu wa kusengenya, na wajibu wa kusitiri aibu ya Mwislamu. Ni mafundisho ya kweli, nami nimeyatolea darsa mara nyingi. Mke wangu alinisikiliza huku akikunja nguo. Nilipomaliza aliuliza, "Yule mtoto wa watu yuko wapi siku hizi?"

Nikamjibu kwamba hizo ni hadithi za kubuni. Akamtaja msichana kwa jina lake. Akanikumbusha kwamba siku ya pili yake mama wa msichana alikuja kwetu na sahani ya halwa kumwombea mwanawe radhi, nami nikaipokea ile halwa.

Miaka 14 ilikuwa imepita. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Binti yangu, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma siku ile, hakusahau. Nikaiangalia upya ile dalili yangu ya kusengenya nikaona imenigeukia. Kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia naye hayupo. Huyu alikuwa ameniletea maneno yake mezani, mimi wa kwanza kuyasoma.

Niseme jambo moja kwa wazazi ambao watoto wao wameshika njia hii. Mchapishaji mmoja alimjibu kwamba yeye huchapisha vitabu vya mashuleni tu. Mwingine hakujibu. Wa tatu alijibu upesi na kwa maneno matamu: alitaka alipwe shilingi 80,000 kwanza, kisha binti atie sahihi mkataba wa kumwachia haki zote. Binti alikuwa na kalamu mkononi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani, ndani ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, nasi bado twatia sahihi karatasi tusizozisoma! Sheria ya Kenya yamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba hakimiliki ni mali, ina warithi, na inaingia katika mirathi. Wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, walipokutana Kuwait mwaka 1988, walikubaliana kwamba haki za mtunzi ni haki zenye kulindwa kisheria na haijuzu kuzidhulumu. Nikamwambia auweke chini mkataba ule.

Mwishowe mamake alimpa zamu yake ya chama. Wakachukua nambari ya kitabu kutoka maktaba ya taifa, wakapiga chapa nakala 300 hapa hapa Mombasa.

Karatasi zake nilikuwa nimemrudishia Ijumaa iliyofuata. Nilisahihisha maneno matatu ya Kiarabu. Nilitaka pia kumwambia kwamba mwaka ule ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi, hazijaanza kutiwa hina, kisha nikaliacha. Hadithi ya nne imebaki kama alivyoiandika.

Nakala zilipofika, nilichukua moja nikavuka feri na mke wangu baada ya alasiri, tukaenda Likoni anakoishi yule msichana, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili. Alitukaribisha kwa maji ya ukwaju. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, sikufika hata nusu yake akanikatiza, akasema, "Maalim, nimekusamehe zamani, hayo yamepita." Aliyasema kwa adabu zote. Lakini bintiye mkubwa alikuwa amelala kifudifudi mkekani akiandika, na nilipokuwa nikivua viatu mlangoni nilimwona mama akilichukua lile daftari na kulisukuma chini ya mto.

Nilimwachia kitabu. Hakukifungua mbele yangu.