Majani Niliyoyadharau

Jioni moja mwanangu wa pili, aliyekuwa ametoka kuugua surua, alijikwaa kwenye kigoda ambacho sisi sote tulikiona. Kesho yake magharibi akapapasa kikombe kilichokuwa mbele yake. Nilishituka, maana hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, wazee bado husimulia jinsi bonde la Luapula lilivyojulikana zamani kwa upofu wa watoto.

Tulikimbilia zahanati. Mtoto akapewa matone ya vitamini A, nami nikaulizwa anakula nini. Niliona haya kujibu. Nina cheti cha ualimu, na nimepata kufundisha somo la lishe. Lakini nyumbani kwangu majani ya muhogo niliyaita chakula cha maskini. Mwanangu alikula ugali na mchuzi mtupu.

Muuguzi alinieleza kwa upole. Jua kali hudhuru majani, hivyo majani hujitengenezea viambata vya kujikinga, ambavyo wataalamu huviita antioksidanti. Majani ya mlonge, mti unaostahimili ukame, yanavyo kwa wingi. Kimojawapo ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, iletayo nuru ya macho. Karotini hiyo imo tele katika majani ya muhogo: katapa kwa Kibemba, sombe kwa jirani zetu wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na kisamvu kwa Watanzania.

Hata hivyo, majani hayo yana sumu pia, nayo yataka subira. Yatwangwe barabara, kisha yachemshwe katika sufuria iliyo wazi mpaka yaive vizuri. Kwa kuwa kuchemsha sana huharibu vitamini C, mtoto apewe pera au embe baada ya chakula. Yaungwe kwa karanga au mawese, maana bila mafuta mwili hupata karotini kidogo tu. Mboga za kukausha zianikwe kivulini.

Mwaka 1998 Zambia iliagiza sukari itiwe vitamini A. Huo ni msaada mkubwa, lakini si badala ya mboga.

Mwanangu alipona. Akina mama wa makambini, nanyi askari mlio mbali na jamaa zenu, mtoto akianza kupapasa giza linapoingia, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo; majani si badala ya tiba. Mkisharudi nyumbani, itazameni sufuria yenu.