Fahali Wawili, Zizi Moja

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tuliolelewa viungani mwa Kakamega, ambako Waisukha na Waidakho hupiganisha mafahali alfajiri za Jumamosi, methali hii hatukuihifadhi darasani tu. Tuliishuhudia tukiwa tumesimama kwenye umande. Huko fahali hahesabiwi kuwa ameshindwa kwa sababu amechoka au ametokwa na damu. Ameshindwa pale anapogeuza kichwa na kukimbia.

Nimeikumbuka methali hii kutokana na swali lililozuka katika kikao kimoja cha chama chetu: je, simu na vishikwambi, vifaa vinavyotii kidole, vitaifukuza tarakilishi ya mezani yenye kibodi na kipanya? Nami, kwa pupa ya ujana, nilisimama nikajibu kwamba tayari vimekwisha kuifukuza. Makala haya ni kuungama kwangu kwamba nilisema kabla ya kufikiri.

Tarakilishi nilikutana nayo kwa mara ya kwanza katika saiba moja mjini, tulipokuwa tukilipa shilingi moja kwa kila dakika. Mhudumu aliniambia, "Bofya mara mbili." Nilibofya, nikangoja, nikabofya tena, na shilingi zangu zikayeyuka. Mkono ulikuwa ukisogea mezani ilhali mshale ulitembea kwenye kiwambo, na baina ya viwili hivyo sikuona uhusiano wowote. Isitoshe, kila kitu mle kilikuwa na jina la ofisini: eneo-kazi, faili, kabrasha, pipa la taka. Waliobuni mtindo huo katika maabara ya Xerox huko California miaka ya 1970, na walioueneza kwa Macintosh mwaka wa 1984, walidhani kwamba kila mtu anaijua meza ya karani. Nyumbani kwetu meza ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya kulia chakula.

Mama yangu huuza mrenda, mitoo na kunde katika soko la Kakamega. Hakuwahi kukiketia kiti cha saiba hata siku moja. Hata hivyo, M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi mwaka wa 2007, alijifunza kutuma pesa kwa simu yake ya mulika mwizi, akifuata orodha ya nambari moja baada ya nyingine. Miaka mingi baadaye nilimpa simu yangu kuukuu ya kugusa. Haikupita wiki moja kabla hajanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nimeona picha ya mjukuu. Amenona." Hakuna aliyemfundisha kubofya. Alikigusa alichokitaka, kikafunguka. Kwa hivyo, yeyote anayevibeza viwambo vya kugusa mbele yangu ajue kwamba mimi nimeona vikimfungulia mama yangu mlango ambao meza ya karani ilikuwa imeufunga.

Ndiyo maana nilijibu kwa pupa. Lakini historia yenyewe haikubaliani nami. Mwaka wa 2012, kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 8, ikaliondoa eneo-kazi mbele ya mtumiaji na kuweka vigae vikubwa vya kuguswa. Watumiaji walinung'unika. Mwaka wa 2013 kitufe cha kuanzia kikarudishwa, na mwaka wa 2015, kupitia Windows 10, menyu yenyewe ikarudi. Kampuni kubwa namna hiyo ilijaribu kumtoa fahali mzee zizini, naye akakataa kugeuza kichwa.

Hapa kwetu nchini nako fahali mchanga amepewa malisho. Kuanzia mwaka wa 2016 serikali ilisambaza vishikwambi katika shule za msingi, na baadhi yake viliunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta. Mwaka wa 2019 maafisa wa sensa walibisha milangoni petu wakiwa na vishikwambi mkononi badala ya karatasi. Kwa kazi ya kuuliza swali na kuteua jibu, sijui chombo kinachofaa zaidi. Ila kuteua jibu ni jambo moja. Kulijenga jibu ni jambo jingine.

Tofauti hiyo niliifahamu kwa uchungu. Nilipoanza kuandika tasnifu yangu kuhusu maneno ya Kiisukha katika Kiswahili cha sokoni, sikuwa na kipakatalishi. Sura ya kwanza yote niliiandika kwa simu, usiku, nikiwa kitandani. Programu ya simu ilikuwa ikinisahihisha bila kuombwa, ikigeuza maneno yangu kuwa ya Kiingereza. Hilo nililivumilia. Kilichonishtua ni maneno ya msimamizi wangu aliponirudishia kazi: "Sura hii haina uti wa mgongo. Mbona kila aya ina mistari minne?"

Nilikwenda nikaichunguza, nikaona anasema kweli. Kila aya ilikuwa na kimo cha kiwambo changu. Nilipofika ukingoni mwa kioo nilikuwa nikidhani nimefika mwisho wa hoja. Dai la ukurasa wa pili lilikuwa limepingwa na la ukurasa wa saba, nami sikuona, kwa kuwa sikupata kuziona kurasa hizo mbili pamoja. Kifaa hakikunibebea fikra tu. Kilizipimia na kuzikata.

Nilihamia katika maabara ya tarakilishi ya chuo. Kwa majuma mawili nilichapa upya, upande mmoja wa kiwambo nikiwa nimeweka mahojiano ya wauzaji, upande wa pili sura yenyewe. Ile meza ya karani niliyokuwa nimeichukia utotoni ilinifaa kwa sababu ile ile iliyoipa umbo: juu ya meza mtu huweza kutandaza mambo mengi na kuyatazama kwa pamoja.

Basi jibu langu jipya ni kwamba tarakilishi ya mezani haitakufa. Hata hivyo, jibu hilo halinipi utulivu. Saiba iliyo karibu na lango letu ilikuwa na mashine kumi na mbili nilipojiunga na chuo; leo zimesalia tatu. Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wanafika na simu pekee. Hofu yangu ni kwamba mafahali hawa watagawiwa watu: wenye uwezo wapate chombo cha kutunga, na watoto wa wauza mboga wabaki na chombo cha kupokea. Tasnifu, kamusi na riwaya za Kiswahili zitaandikwa na nani, iwapo wengi wetu tutakuwa na mistari minne tu ya kufikiria?

Wapenzi wa Kiswahili tuna funzo la karibu. Mwaka wa 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Walihitaji kubuni na kusanifisha istilahi nyingi. Kiwambo cha kugusa kimekuja na mahitaji mepesi zaidi: gusa, buruta, telezesha, vitenzi ambavyo nyanya zetu walivitumia. Hiyo ni neema. Lakini lugha isiyoandikiwa kazi ndefu huanza kudumaa hata kama inaguswa na mamilioni kila siku.

Nashauri chama chetu kiombe idara iwafundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchapa kwa vidole kumi, na maabara iachwe wazi jioni. Hayo ni maombi madogo.

Ninapoandika aya hii nimeketi katika maabara hiyo hiyo. Simu imetikisika kando ya kibodi: ni Mama, ananiuliza kwa sauti kama nimekula na kama kile "kitabu" kimekwisha. Nimegusa, nimemjibu, kisha nimerudi kwenye kibodi. Katika zizi langu mafahali wote wawili wapo. Ninachoomba ni kila mwenzangu apate zizi la kuwatosha.