Pongwe Isiyo na Bahari

Ninaendesha tovuti ndogo ya matembezi ya Tanga: mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, Raskazone jioni. Pongwe nayo niliiandikia ukurasa, na hapa sina budi kutubu: nilikuwa sijawahi kushuka pale hata siku moja. Niliokota ya kusikia, nikayapanga yakapendeza.

Ukurasa huo ndio uliokuwa ukifunguliwa kuliko zote, nami nikavimba kichwa miezi kadhaa. Siku nilipotazama wageni wanakaa muda gani, kichwa kikanywea. Sekunde chache, huyoo. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Hawa hata hiyo leo hawakuimaliza. Nikafungua ripoti ya maneno ambayo watu huyaandika Google kabla ya kunifikia. Pongwe ufukweni. Hoteli za Pongwe. Pongwe na Kiwengwa. Kumbe walikuwa wanaitafuta Pongwe ya Unguja, iliyoko pwani ya mashariki, wakaangukia Pongwe yangu ya njia ya Muheza, ambako bahari huioni hata ukipanda mwembe.

Nikaona sasa lazima niende, nijue angalau nimeandika kuhusu nini.

Jumamosi asubuhi nikapanda Costa ya Muheza, nikapata kiti cha dirishani. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kutazama nje. Nikatoa simu.

Kilichoniponza ni ile ripoti ya papo kwa papo, inayoonyesha walioingia kwenye tovuti ndani ya dakika 30 zilizopita. Sifuri. Nikaburuza kidole. Sifuri. Nikafungua ukurasa wa Pongwe kuhakikisha picha zinaonekana, nikarudi kwenye ripoti: mgeni mmoja! Yupo Tanzania, anatumia simu, anasoma Pongwe. Moyo ukanidunda. Nikachungulia kidogo ukurasa wa Amboni, na yeye kahamia Amboni. Nikaenda Tongoni, naye huyo nyuma yangu. Naona aibu kusema ilinichukua muda gani kung'amua kwamba mgeni mwenyewe ni mimi.

Kuinua macho, naona machungwa yamerundikwa kando ya barabara.

"Konda, Pongwe bado?"

"Pongwe? Mbona tumeiacha zamani, anko! Hapa Muheza."

Abiria wakacheka, nami nikacheka nao, ningefanyaje? Nikalipa nauli ya kurudi, simu nikaitia chini kabisa ya mkoba. Hata zile ripoti za kawaida huchukua saa 24 hadi 48 kutulia, kwa hiyo asubuhi nzima nilikuwa nafunua sufuria ambayo haijabandikwa jikoni.

Pongwe nilishuka jua likiwa utosini. Chini ya mji huu kuna miamba ya chokaa, jamaa ya ile iliyotobolewa na maji ikawa mapango ya Amboni, na ndiyo iliyokileta hapa kiwanda cha saruji ya Simba. Malori yanapita, vumbi jeupe linatua juu ya majani. Reli nayo ipo, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 ikafika Muheza mwaka 1896. Nilisimama pale kitambo, nikaandika kwa kalamu. Katika ukurasa wangu wa zamani hapakuwa na chokaa wala reli. Palikuwa na "mandhari ya kuvutia".

Nimeuandika upya. Sentensi ya kwanza sasa inasema hii ni Pongwe ya Tanga, haina ufukwe. Hesabu nazitazama Jumatatu asubuhi tu, na swali nimeshaliandika karatasini kabla sijafungua. Nikishapata jibu lake, nafunga. Wanaofungua ukurasa wa Pongwe wamepungua sana.

Nawe ukiitaka Pongwe ya bahari, panda boti uende Unguja. Ukiitaka hii yetu, mwambie konda mapema, na simu iache mfukoni.