Gari Hujaribiwa Njia Mbovu: Siku Mbili Kipsongo



Kitale ni mji wa baridi na mahindi. Umekaa kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon ukiwa magharibi yake, na reli iliufikia mwaka 1926. Kutoka Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800, na mtu wa pwani haendi huko ila ana haja. Haja zetu zilikuwa mbili: kuwazuru mashemeji, na kulitazama gari dogo lililokuwa likiuzwa, kwani letu la zamani limechoka. Fedha tuliyokuwa nayo haikuwa yetu peke yetu. Nusu yake ilikuwa bei ya bangili za mama watoto. Kwa hivyo tulisafiri naye, na neno lake lilikuwa na uzito sawa na letu.

Muuzaji alitupokea mjini baada ya swala ya adhuhuri. Gari lilikuwa limeoshwa likametameta, naye akapendekeza tulizungushe kwenye lami. Tukaweka kiganja juu ya boneti, tukaikuta ina moto. Injini iliyokwisha kupashwa haikuonyeshi inavyoamka asubuhi. Tukamwomba turudi kesho yake baada ya alfajiri, gari likiwa limelala baridi, na tupite njia ya Kipsongo.

"Sheikh, kwani huniamini?" akauliza.

"Wewe twakuamini, bwana. Gari ndilo tusilolijua."

Akacheka, akakubali.

Kipsongo ni mtaa wa mafukara pembezoni mwa Kitale. Wakaaji wake wengi asili yao ni Waturkana, waliotoka kaskazini baada ya ukame na wizi wa mifugo kuwamalizia mali. Vibanda vingi ni vya fito zilizopindwa duara na kufunikwa nailoni na matambara. Njia ni udongo mwekundu, mashimo na mifereji iliyochimbwa na mvua. Ndiyo njia tuliyoitaka, kwani lami husitiri, shimo hufichua.

Asubuhi injini iliwaka mara moja, wala hatukuona moshi wa buluu, ambao ni dalili ya oili kuungua. Tukashika usukani, muuzaji akakaa kando yetu, mama watoto akakaa nyuma, maana huko ndiko watakakokaa yeye na watoto. Tulipoingia mtaani muuzaji akafungulia redio. Tulipovuka shimo la tatu, mama watoto akasema kwa upole, "Bwana, tafadhali izime redio hiyo." Iliponyamaza, sote tukalisikia gurudumu la mbele la kulia likigonga, ko, ko, ko, kila lishukapo shimoni.

Tukasimama. Mzee mmoja wa Kiturkana, aliyekuwa ameketi akiota jua, akatuuliza kwa nini twaenda na kurudi njia ile ile. Tulipomweleza, akatikisa kichwa kwa kuridhika: hata mnyama, akasema, hutembezwa kwanza ndipo alipiwe. Mtu aliyewahi kupoteza mifugo anajua thamani ya kutazama kabla ya kutoa.

Kisha tukashika lami ya kuelekea Kiminini, tukatazama mambo mengine: je, gari lavuta upande mmoja ukilegeza usukani? Je, likifungwa breki lasimama bila kuyumba? Je, giaboksi yabadilisha bila kushtuka? Na palikuwa na la kuzingatia kwetu sisi wa pwani. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi gari lililoonekana zito Kitale huenda likachangamka Mombasa. Lakini baridi ya Kitale haiwezi kutuambia rejeta na kiyoyozi vitastahimili vipi joto letu na foleni zetu. Hilo fundi hulitazama kwa macho na vipimo vyake.

Wanazuoni wametufunza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta umajimaji chini, naye akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Kulijaribu gari ni kuutia mkono ndani ya rundo. Hakumvunjii muuzaji heshima. Fiqhi yetu ya Shafii inawaruhusu wauzianao kushartiana khiyari ya hadi siku 3, na inampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa. Ama arbuni inayopotea mnunuzi akighairi, wanazuoni wengi, Shafii miongoni mwao, hawakuiruhusu.

Arbuni ndiyo aliyoitaka muuzaji yule siku ile ile, akisema kuna mteja mwingine njiani. Tukamjibu kwamba hatutoi hata shilingi mpaka fundi tutakayemchagua sisi alitazame gurudumu lile. Akanyamaza, kisha akasema kweli: gari liliwahi kugongwa upande huo. Tukamshukuru kwa ukweli wake, tukaagana kwa wema, na bei ya bangili ikarudi Mombasa nzima.

Enyi kina mama, gari la nyumba si jambo la wanaume peke yao. Kaeni kiti cha nyuma likijaribiwa, zimisheni redio, ulizeni. Hakikisheni jina la mwenye gari kwenye hati ndilo la anayewauzia. Na mkiambiwa haraka, kumbukeni kwamba riziki haikimbii. Allah atupe vipando vyenye salama na biashara zenye baraka. Amin.