Ukumbi wa Dhahabu wa Vienna na Wasikilizao Nyuma



Mji wa Vienna, makao makuu ya Austria, umo katika vitabu vyetu vya tarehe kwa sababu ya kuta zake. Mwaka 1529 Sultani Suleiman aliuzingira asiupate, na mwaka 1683 Kara Mustafa Pasha akaja tena na jeshi la Kiuthmani, naye akarudi bila ya kuingia. Kuta hizo zilidumu hata Desemba 1857, Mfalme Franz Joseph alipoamrisha zibomolewe ili ipite barabara pana ya kuuzunguka mji, iitwayo Ringstrasse. Katika ardhi iliyopatikana, mfalme alikipa kiwanja chama cha wapenzi wa muziki kilichoasisiwa mwaka 1812. Nyumba waliyoijenga, Musikverein, ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1870, na ukumbi wake mkubwa huitwa Ukumbi wa Dhahabu. Tulipojaaliwa kufika katika mji huo tuliuzuru, sisi na mwenzetu wa nyumbani.

Wako watakaouliza: sheikh na nyumba ya muziki, wapi na wapi? Swali ni la haki. Jamhuri ya maulamaa wa madhehebu manne wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza. Ibn Hazm akahalalisha. Imamu Ghazali akaifungulia mlango mzima wa maelezo katika Ihyaa. Nasi watu wa pwani tumelelewa na matari ya maulidi. Mjadala huo hatuufungui hapa. Tuliingia asubuhi, pamoja na kundi la wageni wanaotembezwa na kuelezwa, wakati ambao hakuna apigaye chochote. Tulilolitaka ni kuliona jengo, kwa kuwa tulikuwa tumesoma kwamba ni miongoni mwa majengo machache duniani yanayosifiwa zaidi kwa sikio kuliko kwa jicho.

Na jicho nalo halikunyimwa. Dhahabu imepakwa kila mahali, kwenye nguzo, kwenye kingo za roshani, kwenye fremu za dari. Mwenzetu alinong'ona kwamba hata jukwaa la bibi harusi wa kwetu halijafika huku. Kuna safu za sanamu za wanawake zilizopakwa dhahabu, na dari imechorwa miungu ya Wayunani wa kale na mchoraji August Eisenmenger. Hayo si yetu, na tuliyapita kwa macho yaliyoinama.

Ukumbi wenyewe una umbo la sanduku refu: urefu mita 48.8, upana mita 19.1, kimo mita 17.75. Una viti 1,744, na nyuma kabisa iko nafasi ya kusimama watu 300 hivi. Mbunifu wake, Theophil Hansen, alizaliwa Denmark. Jambo la ajabu ni kwamba alipojenga, elimu ya hesabu za sauti majumbani ilikuwa haijazaliwa. Ilianza miaka ya 1890 kwa Wallace Sabine wa Marekani, aliyepima kwa saa na kwa mito ya viti namna sauti inavyofifia, na ukumbi wa kwanza kujengwa kwa hesabu zake ni ule wa Boston wa mwaka 1900. Hansen alifuata umbo alilolijua, na Mola akamwafikia.

Mwanamke aliyetutembeza alisimama jukwaani, akawaomba wawili kati yetu waende mwisho wa ukumbi, pale pa kusimama. Mwenzetu akajitolea. Yule mwanamke akaendelea na maelezo yake kwa sauti ile ile ya mazungumzo, bila ya kipaza sauti. Akaikunja karatasi aliyokuwa nayo. Kisha akauliza huko nyuma wamesikia nini, na mwenzetu akamrudishia maneno yake karibu yote, akaongeza, "Na karatasi pia nimeisikia ukiikunja." Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza pale aliposimama tiketi yake ni kiasi gani, akajibiwa kwamba ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Aliporudi kwetu alisema kwa Kiswahili, polepole: "Maalim, sisi kule juu msikitini hatulipi kitu, lakini hatusikii."

Tangu hapo hatukuiangalia dhahabu tena. Tulianza kuuliza sababu. Kuta zile za pembeni zimekaribiana, kwa hiyo sauti ikitoka jukwaani huzigonga na kumfikia msikilizaji karibu pamoja na ile iliyomjia moja kwa moja, na sikio huzipokea kama sauti moja iliyotiwa nguvu. Zile sanamu na nakshi na vipenyo vya dari huitawanya sauti isirudi kwa pigo moja la mwangwi. Sakafu ni ya mbao na chini yake mna uwazi. Na watu wenyewe ni sehemu ya jengo, kwani nguo na miili hunywa sauti: ukumbi ukiwa mtupu mrindimo hudumu kiasi cha sekunde tatu, ukijaa hushuka hadi mbili hivi.

Sasa tutazame kwetu. Misikiti ya zamani ya pwani, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya boriti iliyo chini, ilikuwa midogo, na imamu akielekea kibla, mihrabu iliyopinda humrudishia sauti yake kwa maamuma. Ya leo ni mikubwa, ya zege na vigae na vioo, vitu visivyokunywa sauti hata kidogo. Sauti ikirindima sana, tunaongeza spika. Spika zikizidi, neno moja humfikia mtu mara tatu kutoka pande tatu, la pili likiwa limekwisha kulikanyaga la kwanza. Kina mama wako ghorofani au nyuma ya pazia zito, na pazia hunywa kwanza zile sauti nyembamba za herufi, sini na shini na fa, ambazo ndizo zinazotofautisha neno na neno. Kinachobaki ni mngurumo. Mtu huambiwa "nyamaza, darsa inaendelea," naye hajui inaendelea wapi. Kisha twalalamika kwamba kule juu wanazungumza. Aya ya 204 ya Suratul A'raf inatuamrisha mambo mawili Qur'ani isomwapo, kusikiliza na kunyamaza, na la kwanza ni kusikiliza.

Wala asidhani mtu kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Sinan, mjenzi wa Sultani Suleiman yule yule aliyerudi kutoka Vienna, alipoujenga msikiti wa Suleymaniye wa Istanbul, uliokamilika mwaka 1557, alitia mitungi ya udongo ndani ya kuba, midomo ikiangalia ndani, ili kuitengeneza sauti.

Lakini tusiwasifu wenyeji wa Vienna kupita kiasi. Ukumbi huo ndio makazi ya okestra maarufu ya Vienna Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1842, na okestra hiyo haikumkubali mwanamke kuwa mwanachama kamili hadi mwaka 1997. Huyo alikuwa mpigaji wa kinubi, Anna Lelkes, ambaye alikuwa amekwisha kupiga pamoja nao kwa miaka mingi bila ya kuhesabiwa miongoni mwao. Mwaka 1938 wanachama wake wa Kiyahudi walifukuzwa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa Wanazi. Kuta zile zilichukua kila sauti kwa uadilifu. Waliokaa baina yake ndio waliochagua nani aingie.

Tuliporudi nyumbani tulimwomba mwenzetu akae mahali pake pa kawaida, ghorofani, na daftari, aandike kila neno la darsa linalompotea. Juma la kwanza alijaza kurasa mbili, kisha akaacha kwa kuchoka. Fundi wa umeme alizima spika mbili zilizokuwa zikitazamana, akapunguza sauti ya zilizobaki badala ya kuiongeza, na spika moja ndogo ikawekwa kule kule juu, karibu na wasikilizaji. Pazia zito likabadilishwa kwa kiambaza cha mbao chenye matundu, kazi ya seremala wa mtaani. Hakuna kati ya hayo lililohitaji harambee. Juma lililopita daftari lilikuwa na maneno manne tu, na moja kati ya hayo ni jina la kitabu tunachokisomesha tangu Shaaban.